Mabafle ya Papa Gaspard

Tangu niwakabidhi wanafunzi wangu ufunguo wa ateliye, yaani karakana yetu ya redio, Claudine amekuja nyumbani kwangu mara nyingi kuliko wakwe zangu. Hasemi kwamba amekwama. Anasema amekuja kunisalimia, anakunywa chai, anauliza habari za mguu wangu, na akiwa amekwisha kuvaa viatu mlangoni ndipo swali linatoka. La juzi lilikuwa hili: mteja ana mabafle makubwa ya nyumbani, yaani yale masanduku ya kutolea sauti, mazito kuyasukuma, naye anataka ampli, ile mashine ya kuikuza sauti, na iwe ya lampe. Amchagulie ipi?

Nilianza kumjibu palepale mlangoni. Chai ikapoa, mvua ikaja ikapita, na mwisho nikaona afadhali niandike ili Yusufu mwenzake naye asome, maana Yusufu haji kusalimia. Habari za kupanda cheo msizitafute humu. Ateliye yetu ilikuwa na stuli fupi na stuli ndefu. Nilianza kwenye fupi, nikahamia kwenye ndefu, na ndefu inaumiza mgongo zaidi.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu Ramazani, hapa hapa Kamembe, upande wa Rwanda tukitazamana na Bukavu, karibu na msikiti. Wanawake wa familia yetu walishona na kuuza vitenge. Mimi nilishona gauni moja, na aliyelivaa hakuweza kuinua mikono. Mama akanishika mkono akanipeleka kwa kaka yake, akamwambia, "Huyu sindano haimupendi. Jaribu waya."

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa chuma cha kulehemu. Mjomba alinipa transfoma, lile bonge la chuma lililozungushiwa waya wa shaba ambalo ndilo linafanya ampli iwe nzito, akaniambia ninuse. Nikanusa. Akanipa lingine, nikanusa. Wiki nzima nilinusa vyuma kama mbuzi anayechagua majani, na wateja wakamuuliza mjomba kama mtoto ni mzima. Lakini mwisho wa wiki nilijua: transfoma iliyoungua ina harufu ya karanga zilizosahauliwa motoni, na hakuna kipimo cha umeme kinachokuambia mapema kuliko pua.

Siku nyingine alinikuta naangalia lampe za ampli moja zikiwaka. Lampe, kwa asiyezijua, ni vile vichupa vya kioo vyenye waya mwekundu ndani. Redio zote za zamani zilikuwa navyo kabla ya transista kuingia. Vinapendeza, siwezi kukataa. Mjomba akaniambia, "Lampe ni bibi arusi, batu bote banaangalia yeye. Transfoma njo bajomba benye banabeba bintu. Ukitaka kujua arusi itafika, angalia bajomba." Claudine, jibu la swali lako liko hapo, ungeweza kuacha kusoma. Lakini nakujua, utaniuliza tena.

Mjomba alifariki kwa ugonjwa wa kifua kabla ya mwaka ule ambao sitausimulia hapa. Wako wenye haki ya kuusimulia kuliko mimi. Nitasema tu kwamba tulipofungua tena, ateliye haikuwa na mlango, na wengi wa wateja walioacha redio zao kwetu hawakurudi kuzichukua. Niliziweka kwenye rafu ya juu, na kwa muda mrefu sikuwa na moyo wa kuzitoa vipuri.

Waliokuja walikuwa na redio za kila namna, na wote walitaka kitu kimoja: kusikia majina. Wakati ule redio zilisoma majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao, jina baada ya jina, na kama sauti ilikuwa na mikwaruzo ungeweza kumkosa mtoto wa dada yako. Hapo nilijifunza kwamba mteja akisema, "Ifanye iseme wazi," anaweza kuwa hazungumzii muziki hata kidogo. Somo hilo lilinifaa baadaye, kwenye kazi ambayo niliidhani ni ya muziki mtupu.

Vita ya kwanza ya Congo ilipoanza, watu wa asili yetu ya Kinyarwanda waliokuwa wamezaliwa kule Bukavu walivuka kuja huku. Mmoja wao alikuwa Papa Gaspard, mtengeneza mikate. Watu walivuka na magodoro. Yeye alivuka na mabafle mawili, na Maman Consolata, mke wake, akavuka nyuma yake akiwa amebeba godoro.

Mabafle yale nayaona mpaka leo. Kila moja lilikuwa na kimo cha mtoto wa shule ya msingi na uzito wa baba yake. Mbao za kahawia, kitambaa cheusi mbele, sanduku limezibwa kila upande, lisilo na tundu hata la kuingiza kidole. Nyuma yalikuwa yameandikwa omu nne. Omu ni kipimo cha jinsi bafle linavyoukataa umeme: namba ikiwa ndogo, bafle linavuta sana. Nilipoyapima mwenyewe nikakuta hiyo nne ilikuwa adabu tu ya mtengenezaji, kwa sababu kwenye sauti fulani yalishuka chini zaidi. Yalikuwa yananyonya kama ndama, na ukishayashibisha yanakurudishia sauti kidogo. Lakini sauti hiyo kidogo ilikuwa nzuri, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Mabafle mabaya hayamsumbui mtu, unayatupa.

Papa Gaspard alipofika kwangu mara ya kwanza alikuwa amebeba ampli ya transista iliyokufa. Usoni ilikuwa imeandikwa nguvu za kutosha kuamsha Bukavu nzima. Nikaipima mkononi: nyepesi kuliko mikate yake. Nikanusa. Karanga. Nikamwambia pole. Baada ya muda akaleta nyingine, na hiyo haikuwa imekufa, ila alisema waimbaji wote wana mafua.

"Maman Zubeda," akasema, "mimi nataka ya lampe. Nilikomalia ku sauti ya lampe tangu utoto."

"Papa Gaspard, ampli ya lampe na mabafle kama yako ni ndoa ngumu."

"Hata yangu banasemaka vile, na tuko na batoto sita."

Nikamweleza taratibu. Ampli nyingi za lampe zina nguvu ndogo. Zinapenda mabafle mepesi, yenye omu nyingi, yanayoitika ukiyanong'oneza. Yake hayanong'onezwi. Akiitaka ya lampe, basi iwe kubwa, yenye transfoma nzito kwelikweli na mahali pa kufungia omu nne nyuma. Akanisikiliza kwa makini, akanishukuru, akaenda akanunua ndogo.

Simlaumu. Ilikuwa ampli nzuri kuitazama kuliko zote nilizowahi kuona: lampe moja kubwa kila upande, mbao zilizopigwa vanishi, vibonye vya shaba. Aliniita kwake siku ya kuiwasha. Sebule yao ilikuwa ndogo, na mabafle yalikuwa yamekaa mbele ya dirisha, hivyo mwanga uliingia kwa kuomba. Papa Gaspard akaweka diski ya gita. Gita likaanza peke yake, tamu, nikajiuliza kama nilimwonya bure. Kisha besi ikaingia na mabafle yakakohoa. Kila ngoma ilipopigwa, sauti yote ilijikunja kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Maman Consolata alitoka jikoni na kijiko mkononi. "Kuku yangu inalia nguvu kupita hii," akasema. "Gaspard, nakuambia mbele ya Maman Zubeda. Haya masanduku ni ya mbao muzuri. Kama hayatasema, nitatoboa madirisha na kuweka kuku mule." Akarudi jikoni. Papa Gaspard akaniangalia. Alimjua mke wake, na mimi nilikuwa nimekwisha kumjua: hakuwa mtu wa mzaha kwenye habari za kuku.

Jaribio la pili lilikuwa wazo langu, na nilidhani ni la akili. Tuliazima ampli ya lampe iliyokuwa ikitumika kwenye ukumbi mmoja kwa hotuba. Nguvu ilikuwa nayo, transfoma za kutosha, hata kunusa nilinusa. Lakini ampli za hotuba zimetengenezwa ili sauti ya mtu ifike mbali, si ili ipendeze, na transfoma zake hufungiwa spika nyingi zilizotawanyika kwenye nyaya ndefu. Nilitumia siku kadhaa kuisuka upya ikubali omu nne. Tulipoiwasha kwake, mwimbaji wa kwanza alifungua kinywa na majirani wakatoka nje. Walisimama barabarani wakingoja kuambiwa mkutano uko wapi. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kuvaa koti. Ilibidi Papa Gaspard aende dirishani, apenyeze kichwa katikati ya mabafle, awaambie hakuna mkutano, ni rumba. Mzee akasema kama hakuna mkutano basi wapunguze.

Niliizima, nikaenda jikoni kuomba maji ya kunywa, na kusema kweli kukimbia aibu. Maman Consolata alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia kwa kutania kwamba kuku wake watapata nyumba nzuri. Hakucheka.

"Mimi sichukii mabafle," akasema. "Batu banafikiri nachukia mabafle."

Nikakaa kwenye kigoda. Akaendelea kuchambua.

"Kule Bukavu nilikuwa chef wa kwaya yetu ya parokia, mimi njo nilikuwa nabaongoza. Siku moja batu balikuya na mashini, bakatuandika ku diski. Moja tu. Mimi niko nayo. Kisha vita ikakuya, kwaya ikapasuka. Bamoja bako huku, bamoja balipita njia ya pori kwenda Kisangani. Bengine sijui. Gaspard alitaka kunifurahisha, akaweka ile diski ku ampli yake ya mafua. Maman, sikusikia muntu hata moja. Nilisikia sauti sawa batu banaimba ndani ya pipa. Nilikuwa nabajua bote kwa sauti, hata gizani. Ile siku nikaogopa. Nikasema, labda haiko ampli. Labda ni mimi nimebasahau."

Aliondoa jiwe kwenye maharage akalitupa nje ya mlango. "Juu ya ile nasema muweke kuku," akasema. "Kuku haina kumbukumbu."

Nilirudi sebuleni nikiwa na kazi tofauti na ile niliyoingia nayo. Nilimwambia Papa Gaspard kwamba kuanzia hapo hatununui tena kitu kwa macho, na kwamba naijua ampli moja inayoweza kuyamudu mabafle yale, ila iko Bukavu.

Ilikuwa ya Mzee Bisimwa, Mshi mmoja, mwenyeji wa kule, aliyewahi kuwa fundi wa sauti wa bendi iliyopiga kwenye mabaa ya kule. Mjomba alimtengenezea transfoma zamani, na mimi ndiye niliyezungusha waya. Vita ya pili ilikuwa imeanza, daraja la mpakani lilikuwa likifungwa leo na kufunguliwa kesho bila kumwuliza mtu. Tulingoja, na asubuhi moja tulipoona wanawake wanavuka na mabeseni yao ya nyanya na sambaza, wale dagaa wa ziwani, tukavuka nao pale Rusizi ya Pili, Papa Gaspard akisukuma baiskeli yake ya mikate.

Mzee Bisimwa alikuwa ameiweka ampli chini ya kitanda, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Tuliivuta wawili. Lampe nne kubwa kila upande, nyuma zikafuata transfoma tatu ambazo mjomba angezisalimia kwa kuvua kofia. Katika ampli ya namna hii lampe hufanya kazi kwa kushirikiana, moja ikisukuma nyingine ikivuta, kama watu wawili wenye msumeno mrefu wa kupasua mbao, na ndiyo maana zinapata nguvu ambayo lampe moja, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi. Nyuma kulikuwa na skrubu za kufungia nyaya: omu kumi na sita, nane, nne. Nikanusa moja moja. Safi.

"Uko nanusa sawa mujomba wako," Mzee Bisimwa akasema.

Tukamwuliza kwa nini haitumii. Akasema mabafle yake yaliibwa wakati wa uporaji, na ampli ya lampe haiwashwi bila bafle, ikiwashwa hivyo transfoma zinajiunguza zenyewe. Basi imelala. Isitoshe umeme wa mtaa wao umekuwa dhaifu, na hii inakula umeme kama mgeni wa arusi.

"Mzee," nikamwambia, "huyu baba ana ampli ndogo ya lampe, nzuri, haili sana. Mimi nina kule ateliye mabafle mawili madogo mepesi yanayoipenda ampli kama ile. Je, tukikuletea vyote hivyo, hii tukaenda nayo?"

Mzee alifikiri. "Musikilize kwanza," akasema. "Kama haikubaliane na mabafle yake, murudishe. Sitaki ikakae fasi inateswa."

Lampe hazisafiri ndani ya ampli, hilo mlishike. Nilizichomoa zote nikazipanga kwenye trei za mayai, juu yake kitambaa. Ampli ikafungwa kwenye baiskeli ndani ya blanketi lake. Tukafika kwenye kituo upande wetu wa daraja, na ofisa mmoja kijana, mpole, akafunua blanketi, kisha akafunua trei.

"Mama, haya ni mayai gani?"

Nikamweleza. Akauliza mashine hii inazungumza na nani. Nikasema haizungumzi na mtu, inaimba tu. Wakati ule, na vita iko ng'ambo, jibu hilo halikumtosha, na mimi nisingetoshwa nalo kama ningekuwa yeye. Akasema niiwashe aone. Nikasema haiwashwi bila bafle.

"Kwa hiyo ikizungumza peke yake inakufa?"

"Ndiyo, afande."

Akageuka kuwaangalia wenzake, kama mtu anayetaka mashahidi. Dirishani kwao palikuwa na redio inayotangaza mpira. Nikaomba niitumie. Nikairudishia ampli lampe zake moja moja, nikaifungua redio mgongo, nikatenga spika yake nikaifunga kwenye ampli, na sauti nikaichukua kwenye tundu la kisikilizio. Papa Gaspard alikuwa anasali, nadhani. Lampe zikaanza kuwa nyekundu taratibu, na baada ya kitambo mtangazaji akarudi. Ile spika ilikuwa ndogo kama kikombe, nami niliiachia sauti kidogo tu, lakini mtangazaji alikuwa kama ameingia chumbani na kuvuta kiti. Ulimsikia akivuta pumzi kabla ya kusema. Askari mmoja aliyekuwa nje akaingia.

"Sawa," ofisa akasema baada ya muda. "Nimeona. Ni ya kuimba."

Nikainama nianze kufungua nyaya.

"Mama," akasema, "mpira haujaisha."

Tukangoja mpira uishe. Walitupa viti. Timu yao ilifungwa, na ofisa akasema angalau wamefungwa kwa sauti nzuri.

Jumapili, Papa Gaspard na mkewe waliporudi kutoka kanisani, nilikuwa ninawasubiri na vyombo vyangu. Nilileta stabilizeta, chombo cha kutuliza umeme, kwa sababu umeme wa Kamembe nao ulikuwa na siku zake. Nilisogeza ampli mbali na ukuta ipate hewa, nikafungua dirisha, maana lampe nyingi hivyo zinapasha chumba kuliko tanuri. Papa Gaspard alitaka tufunge mabafle kwenye skrubu za omu nane, kwa sababu kule sauti inatoka kubwa zaidi. Nikamwacha. Mteja akisikia kwa sikio lake anaelewa haraka kuliko akielezwa.

Alikuwa ameshika diski ya rumba. Maman Consolata akaja akaitoa mkononi mwake bila neno, akaiweka yake.

Kwaya ikaanza. Sauti ilikuwa kubwa, imejaa, Papa Gaspard akatabasamu. Mimi nilimwangalia mkewe. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imeshikana, uso umefungwa.

"Banaume nabasikia," akasema. "Banawake ba katikati banazama. Besi inabakalia."

Alikuwa sahihi. Palepale kwenye sauti za wanawake wa katikati ndipo mabafle yale yaliposhuka omu, na ampli iliyofungwa pasipo pake inapoteza nguvu ya kuyashika. Nikaizima. Nikawaambia tungoje ipoe kabla sijashika kitu, na kungoja kule kulikuwa kurefu. Hakuna aliyekaa. Nikahamisha nyaya kwenye omu nne, nikakaza skrubu, nikawasha tena.

Sauti ikatoka ndogo kidogo kuliko mwanzo. Papa Gaspard akakunja uso. Mkewe akainua mkono, kama anavyoinua mtu anayetaka kwaya inyamaze.

"Huyu njo Furaha," akasema.

Kisha, "Mapendo. Yeye alienda njia ya Kisangani." Kisha, "Jeanne. Na dada yake." Aliwataja polepole, kila mmoja anapoingia, na baada ya majina mengine alifanya ishara ya msalaba. Katikati ya wimbo, nyuma kabisa, mtu akakohoa kwenye diski. Maman Consolata akaweka mkono mdomoni. "Papa Théophile," akasema. "Nilimwambia, ukiwa na kikohozi baki ku nyumba." Akaanza kucheka, machozi yanatoka, na Papa Gaspard akaacha kuiangalia ampli akamwangalia yeye.

Beti ya tatu ilipofika, sauti moja ya mwanamke ilipanda mapema na kupita pale ilipotakiwa. Kidogo tu.

"Hapo," akasema, akipangusa macho. "Huyo ni Anastasie. Aliniharibia diski. Juu ya ile beti nilimutosha ku mustari wa mbele, nikamupeleka nyuma, na tangu siku ile tunasalimiana tu ku mulango wa kanisa. Gaspard, rudisha."

Papa Gaspard akarudisha sindano. Beti ikapita tena. Mkewe akapiga hatua kuelekea bafle la kulia, akainama, akaweka sikio karibu na kitambaa.

"Rudisha."

Ikapita tena. Akasimama wima.

"Anastasie eko upande wa kushoto," akasema taratibu. "Eko naimba muzuri." Akakaa kwenye kiti. "Ile sauti njo yangu."

Katika kazi yetu kuna nyakati fundi anatakiwa kukagua nyaya ambazo hazina shida. Nilikagua. Papa Gaspard alikuwa anaangalia dari.

Kesho yake Maman Consolata alifunga mikate kwenye kitambaa akapanda kwenda Giheke, ambako Anastasie alikuwa analima. Mimi nilikuwa nimeahidi kurudi kukagua lampe baada ya siku moja, jambo ambalo na ninyi mlifanye kila mara, na hivyo nilikuwepo waliporudi pamoja. Anastasie alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vya shamba, aliyeviacha mlangoni. Hakuuliza bei ya ampli wala hakushangaa kuona vichupa vinavyowaka. Alikaa mbele ya mabafle, mikono magotini, akasikiliza wimbo mzima bila kutikisika, na beti ya tatu ilipopita hakutikisika vilevile.

"Nilijua," akasema ulipoisha. "Ulikuwa unaimba ku sikio yangu."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa chef." Akaliangalia bafle la kushoto, kisha la kulia. "Nilikuwa nangoja Papa Gaspard apate ampli muzuri."

Maman Consolata aliinama akacheka mpaka akashika mguu wa kiti. Anastasie naye akaanza. Walipotulia walitaka wimbo tena, na safari hii kwenye beti ya tatu waliimba juu yake wote wawili, Anastasie akishika ile sauti ya juu na chef wake akishuka chini mahali pake. Lampe zilikuwa sawa, transfoma za uvuguvugu tu. Nikafunga mkoba wangu. Papa Gaspard, ambaye alikuwa amesimama pembeni na diski yake ya rumba tangu waingie, aliingoja zamu yake kidogo, kisha akaiegemeza diski ukutani akaenda jikoni kuwachemshia chai.